Mkanda umebadilisha, tenshena je?

Juzi usiku kijana mmoja wa Kimara kaniandikia: "Kaka, C200 Kompressor yangu inalia asubuhi nikiwasha. Fundi anasema ni mkanda tu. Nimkubalie?" Nikacheka, halafu kicheko kikakata. Hayo maneno "ni mkanda tu" na mimi niliambiwa, na niliyaamini kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu.

Gari langu ni hilohilo, Mercedes-Benz C200 Kompressor, toleo la W203 la 2004, injini ya M271, cc 1,796. Nililipendea farasi zake 163 na, tusidanganyane, lile neno Kompressor kwenye buti. Mkanda mmoja unazungusha supachaja (hiyo ndiyo Kompressor yenyewe, inayoisukumia injini hewa zaidi), alteneta ya kuchaji betri, pampu ya maji, pampu ya stelingi na AC. Mmoja! Ukikatika, umekatikiwa na vyote.

Wiki tatu baada ya kufunga mkanda mpya nilikuwa naenda uwanja wa ndege kumpokea mama mkwe kutoka Mwanza. Gari limeoshwa, shati limepigwa pasi. Nashuka flaiova ya Mfugale pale TAZARA, nikasikia "paa!" Taa ya betri ikawaka, stelingi ikawa nzito, gari likaishiwa nguvu. Nikajipa moyo kwamba nitafika hivyohivyo. Mshale wa joto ukaanza kupanda, maana pampu ya maji ilishasimama, nikazima pembeni kabla ya Kipawa. Mama mkwe ndiye aliyenifuata mimi, kwa bajaji, begi mapajani. Akanitazama, akalitazama lile buti, akasema, "Pole, baba." Ile pole bado ninayo.

Mkanda haukuwa na kosa. Fundi alikuwa ameitikisa tenshena, ule mkono wenye kigurudumu (puli) unaoukaza mkanda, kwa kidole akasema bado ngumu, iache. (Simtaji, lakini akisoma hapa atajijua.) Supachaja si alteneta, ndugu zangu. Ukikanyaga mafuta inadai nguvu nyingi kwa mkupuo, mkanda unavutwa, na springi ya tenshena ndiyo inayoufuata usilegee. Beringi ya tenshena ikichoka puli inalala upande, mkanda unaliwa ukingo. Wangu ulikuwa umetoa nyuzi kama kamba ya katani.

Safari ya pili nilisimama juu ya kichwa cha fundi mwingine, Ilala. Kabla ya kugusa kitu nilipiga picha njia ya mkanda. Mifereji inakaa kwenye puli zenye mifereji, mgongo unakaa kwenye puli laini. Hata hivyo tuliukosea mara mbili na jua likatuzamia. Mkanda ukiwa nje, zungusha kila puli kwa mkono: inayokwaruza au kuchezacheza nayo ing'oke. Na dukani nenda na namba ya mkanda wa zamani. Ukiambiwa "huu unakaribiana", ondoka.

Usitegemee kuona nyufa. Mikanda ya siku hizi ni ya EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, inaisha mifereji kimyakimya kama tairi, huku kwa macho bado inaonekana mizima. Ikilia, nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji, injini ikiwa inaunguruma na mikono yako mbali. Kelele ikizidi, mkanda umelegea au unateleza. Ikinyamaza kisha ikarudi, kuna puli haijakaa mstari mmoja na nyingine.

Lakini sisi watu wa Dar tuna ugonjwa. Pesa ya rimu na muziki ipo, ya tenshena "tutaona mwisho wa mwezi". Mimi niliona: brekidauni, mkanda wa pili, ufundi mara mbili, na tenshena ileile niliyoikimbia mwanzo nikainunua.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kimara, usimkubalie. Mwambie afungue, unitumie picha ya ukingo wa mkanda na video ya tenshena injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta. Mkono wake ukirukaruka, nunua vyote viwili siku moja. Mama mkwe alikuja tena Desemba. Alinipigia akiwa ameshafika getini.