Kikapu kilichopita dukani kwa ami

Kwa miaka mingi nilipita mbele ya duka la ami yangu na kikapu mkononi, nikaenda kununua sukari mtaa wa pili. Hapa Pemba, kisiwa cha Zanzibar, baada ya uchaguzi wa 1995, hilo halikuwa la kushangaza. Ami ni CCM, chama tawala; sisi wengine nyumbani tulikuwa CUF, chama cha upinzani. Watu walisusiana harusini, na kuna waliosusiana hata mazikoni. Januari 2001, maandamano ya CUF yalipomalizika kwa risasi na majirani zetu wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi, nikaacha hata kumwamkia.

Ndiyo maana tarehe 5 Novemba 2009, Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wetu wa CUF, alipokwenda Ikulu kukutana na Rais wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, nilikasirika. Muda mfupi baadaye CUF ikamtambua Karume kuwa Rais, baada ya kukataa kwa miaka. Niliona tumeuzwa. Ilinichukua muda kuona kwamba na upande wa pili ulikuwa unatoa kitu kizito: kukubali kwamba mshindi hatatawala peke yake. Tulishawahi kuwa na Muafaka, makubaliano ya CCM na CUF, wa 1999 na wa 2001, ukabaki mikononi mwa vyama. Safari hii sote tuliulizwa. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ilipita kwa asilimia 66.4, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikawa ndani ya Katiba. Katika uchaguzi wa Oktoba, Dk. Shein wa CCM akapata asilimia 50.1, Maalim 49.1. Maalim akayakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa tofauti ndogo kama ile, miaka ya nyuma tungezikana.

Wiki ile nikaingia dukani kwa ami. Nikatoa salamu, nikaomba kilo ya sukari. Akapima taratibu, akafunga, kisha akakitazama kikapu changu.

"Hicho nakijua," akasema. "Nakiona kila siku kikipita."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya wateja.

Tangu hapo tunabishana sana, naye hajahama chama, wala mimi sijabadili msimamo. Lakini tuna utaratibu, na ningependa nawe uujaribu na ndugu yako mnayetofautiana. Kabla sijamjibu ami, nairudia hoja yake kwa maneno yangu mpaka aseme, "Ndivyo." Mara nyingi hugundua nilikuwa nabishana na jambo ambalo hakulisema. Tukizungumzia bei ya karafuu, tunabaki kwenye karafuu. Hatuchimbui Mapinduzi ya mwaka 1964 ili kumnyamazisha mwenzio. Na ikitokea maiti au mgonjwa, chama kinangoja nje. Hilo la mwisho usilifanyie mzaha hata kidogo, kwa sababu mtu husahau hoja uliyomshinda lakini hasahau kwamba hukuja kumzika mamaye.

Usidhani kuridhiana ni kunyamazia dhulma. Oktoba 2015 uchaguzi wetu ulifutwa kura zikiwa bado zinatangazwa, na mpaka leo naamini ilikuwa dhulma. Nilimwambia ami hivyo, kwa sauti, barazani kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa nini haoni kama mimi. Huku nje watu walikuwa wameanza tena kuchagua maduka.

Uchaguzi wa marudio ulifanyika 20 Machi 2016, na chama changu kikasusia. Sikwenda kituoni. Jioni nikaenda kwa ami kama kawaida. Akanimiminia kahawa, akanisogezea kikombe kwa mkono wenye wino kidoleni. Nikakipokea kwa mkono wangu usio na wino, tukaanza kubishana.