Mtoto wa mbwa anarukia watu na kung'ata: maswali kutoka Tanga

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini na pembezoni mwake, na karibu yote yanahusu mbwa wadogo wenye meno makali. Nimeyafupisha bila kugusa maana yake.

Shikamoo. Nina mtoto wa mbwa wa wiki kumi, tunakaa Makorora. Asubuhi ni mpole. Jioni wanangu wakirudi madrasa na kuanza kukimbizana uani, anawavamia visigino na kuning'inia kwenye nguo zao. Mdogo sasa anaogopa kutoka nje. Je, huyu ni mkali?

Marahaba, mama. Si mkali, anacheza. Mbwa hana mikono, kila kitu anakijua kwa mdomo, na hivyo ndivyo alivyozoea kucheza na ndugu zake wa tumbo moja: anayekimbia anakimbizwa, anayekamatwa anang'atwa. Mtoto anayekimbia huku akipiga mayowe anamwita mchezoni bila kujua.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitazami. Mbwa wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku. Kwa joto la Tanga na pilikapilika za uani, mara nyingi hapati hata nusu ya utulivu anaouhitaji, na uchovu wake hautoki kwa kusinzia, unatoka kwa kung'ata. Kwa hiyo mtafutie pembe yenye kivuli na maji, mbali na mlango, na saa moja kabla watoto hawajarudi mweke huko alale. Nina hakika utaona tofauti kwa hilo peke yake.

Wanao nao wafundishwe. Jino likigusa ngozi au nguo, mtoto asimame kimya kama nguzo, mikono kifuani, asipige kelele, asivute mguu. Wewe mkubwa ndiye wa kumwondoa mbwa. Mkicheza naye wewe mwenyewe na akang'ata, nyanyuka, ondoka, funga mlango kwa nusu dakika, kisha rudi kwa upole. Atajifunza kwamba meno yanamaliza mchezo. Mpe kitu halali cha kutafuna: kipande cha taulo kilicholowekwa maji na kugandishwa kwenye friji humpoza fizi, na kamba nene ya mkonge yenye fundo kila upande inamfaa pia, ilimradi uwepo na uitupe ikianza kutoa nyuzi, maana nyuzi zikimezwa huziba utumbo. Usimpe kandambili kuukuu. Hawezi kutofautisha kuukuu na mpya.

Na kwa huyo mdogo anayeogopa, asiachwe peke yake na mbwa hata kwa dakika moja. Amrushie dagaa mmoja mmoja akiwa amekaa nawe, mpaka woga umtoke.

Mimi ni mzee wa Sahare. Mwanangu ameniletea mbwa wa ulinzi, ana miezi minne. Nikitoka kwenda kuswali Alasiri ananirukia na kunichafulia kanzu kwa matope na mate. Nikimsukuma ndiyo kwanza anazidi.

Shikamoo, mzee wangu. Hapo kwenye kumsukuma ndipo penye tatizo. Kwake mkono unaomsukuma ni mkono unaocheza naye. Ukimkemea, umemsemesha. Alichokitaka ni wewe, na kwa njia zote mbili amekupata.

Kwa msikiti usisubiri afunzwe. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na panapoguswa huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Haifai mtu wa umri wako aingie kwenye shida hiyo kila adhana ikilia. Basi mbwa aingizwe bandani kabla hujavaa kanzu, na atolewe ukishapita geti. Si adhabu, apewe chakula chake humohumo ili apapende.

Mafunzo yafanyike wakati mwingine, ukiwa na nguo za shamba. Akikurukia, mgeuzie mgongo, usimtazame, usiseme neno. Miguu yake yote minne ikitua chini, hapohapo mpe dagaa mkavu asiye na chumvi nyingi au kipande kidogo cha ini la kuchemsha, na umpe chini, usawa wa pua yake. Siku za mwanzo atarukia zaidi kuliko zamani, kwa sababu njia iliyokuwa ikifanya kazi imekataa na yeye anaijaribu kwa nguvu. Usikate tamaa hapo. Lakini wajukuu na wageni wafuate utaratibu huohuo, maana mmoja akimshangilia anaporuka, kazi yako yote inarudi nyuma.

Akining'ata nimpige kofi la pua? Wengine wanasema nimpake pilipili mdomoni.

Hapana, yote mawili. Atajifunza kwamba mkono ukija usoni kuna maumivu, na siku mtoto akinyoosha mkono kumpapasa atajihami. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hairuhusu mnyama kuteswa.

Nilimchukua akiwa na wiki tano, mama yake alikufa. Anang'ata kwa nguvu kuliko mbwa wote niliowahi kuwaona.

Pole. Wiki alizozikosa ndizo wenzake huambiana kwa vilio kwamba "hapo umezidisha". Ndiyo maana inafaa kitoto kikae na mama na ndugu zake mpaka wiki nane. Sasa kazi hiyo ni yako: anza kwa kukatisha mchezo kwa ming'ato inayouma tu, akishalegeza, katisha hata kwa ile hafifu. Ukipata jirani mwenye mbwa mkubwa mpole aliyechanjwa, waache wacheze ukiwatazama. Meno 28 ya utoto huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, na kufikia miezi saba huwa ana 42 ya ukubwani, na haja ya kutafuna hupungua.

Kaka, mimi nina duka Kange, nimemchukua huyu alinde usiku. Nikimzuia kung'ata si atakuwa bwege? Jirani anasema aachwe ang'ate tangu mdogo.

Ndugu yangu, hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kinachomfukuza mwizi wa usiku ni mbweko, na kubweka kwa mgeni hakufundishwi kwa kumwachia ang'ate vidole vyako. Hali ya kulinda eneo hukomaa mbwa anapokua, kwa wengi baada ya mwaka mmoja. Mtoto wa mbwa anayeng'ata hafanyi ulinzi wowote, anacheza na watu anaowapenda.

Mbwa asiyejua nguvu ya taya zake atamng'ata nani kwanza? Si mwizi. Ni mteja wako, mtoto aliyetumwa chumvi, kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo. Mlinzi mzuri anamjua wa kawaida, na ili amjue wa kawaida lazima amwone mapema: watu wa kanzu na wa baibui, baiskeli, mikokoteni. Umri bora wa kuzoezwa ni kabla hajatimiza wiki 14. Mbwa aliyefungwa mnyororo nyuma ya duka tangu utoto huogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Mtoto wa mbwa wa jirani hapa Pongwe amemparura mwanangu kwa jino, damu imetoka kidogo. Bibi amepaka mafuta ya taa. Si mdogo mno kuwa na kichaa cha mbwa?

Udogo si kinga. Akiwa amepata mate ya mbwa mgonjwa, anaweza kuambukiza. Osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ondoa hayo mafuta, usifunge kidonda, kisha nenda kituo cha afya au hospitali ya Bombo leo hii. Usingoje dalili, kwani zikishaanza ugonjwa huu huua karibu kila aliyeupata, ilhali chanjo ikitolewa mapema humwokoa mtu. Mbwa asiuawe. Afungiwe na kutazamwa kwa siku kumi, na afisa mifugo aarifiwe, lakini safari ya hospitali isisubiri siku hizo. Mwambie na jirani kwamba mbwa wake akitimiza miezi mitatu anatakiwa kuchanjwa, kisha kila mwaka.