Mtoto wa sarakasi naye ana Disemba yake

Wiki hii mmeuliza, "Msanii kijana unayemjua, msimu huu wa joto anapenda kufanya nini na kutembea wapi?" Nlilisoma swali lenu ndani ya matatu nikitoka Mtwapa, nkaifunga simu, kufika nyumbani nkaifungua tena. Limenigusa pabaya, ndo maana naandika.

Jibu lenyewe ni rahisi. Mtoto wa dada yangu ana miaka 13, yuko kwa kikundi cha sarakasi hapa Kisauni, Mombasa, na ukimuuliza atakujibu kwa pumzi moja: ufuo wa Pirates kukodi tyubu la kuelea majini, Mama Ngina kando ya bahari jioni kula mihogo ya ndimu na pilipili, hifadhi ya wanyama ya Haller Park saa ya kulisha twiga, na kuvuka Likoni na feri kisha kurudi, basi tu, manake wa miguu halipi. Hayo ndo mapenzi yake, andikeni.

Lakini mimi nlidhani mtauliza huyo mtoto anaachiwa lini aende huko. Kwa mtoto wa sarakasi Disemba si likizo, Disemba ndo msimu. Shule zikifungwa hoteli zinajaa, wazungu wanakimbia baridi yao, watu wa Nairobi wanashuka na treni ya SGR, na kila hoteli inataka shoo baada ya chakula cha usiku. Wenzake wanaenda baharini, na yeye anaenda hapo hapo baharini, ila anaingia kwa geti la nyuma.

Naongea kitu nakijua. Disemba 2004 nlikuwa na miaka 11. Kikundi chetu kilikuwa na wakubwa watano na watoto saba, na mimi ndo nlikuwa nasimama juu kabisa ya piramidi kwa sababu nlikuwa mwepesi na sikuwa naogopa. Mazoezi tulifanya ufuoni maji yakitoka. Mchanga ukishaachwa na maji unakuwa mgumu juu na ndani una unyevu, ukikimbia haukuzamishi na ukianguka haukuumizi sana. Tulikuwa tunazika tairi kuukuu la lori nusu, nusu linabaki nje, unatoka mbio kutoka mbali, unalikanyaga pale juu kabisa kwa miguu miwili, linakurusha, unapinduka hewani. Wakati wa kupinduka unaona bahari iko juu na mbingu iko chini, kitambo kidogo sana, halafu miguu inapata mchanga. Mpaka leo nikipita karibu na tairi lililotupwa nalitazama mara mbili.

Mwaka huo tukapata kazi hoteli moja, jina siweki, usiku nne mfululizo, tarehe 22 hadi 25. Tulikuwa tunabadilisha nguo kwa chumba cha kufulia, katikati ya mashuka yaliyotoka kupigwa pasi, yako moto bado. Jukwaa lilikuwa kando ya bwawa la kuogelea. Sasa fikiria, Mombasa, Disemba, kaskazi inavuma lakini joto liko pale pale, umetoka kupita chini ya limbo ya moto, ule ufito unaowaka, nywele za mkono zimeungua, jasho linakuingia machoni, na hatua tatu kutoka ulipo kuna maji ya buluu yenye taa ndani. Kulikuwa na msichana wa wageni, rika langu, amekaa ukingoni miguu ameitumbukiza majini, anatupigia makofi na mikono imelowa, nasikia yale makofi yake yana sauti tofauti na ya wengine. Siku ya pili nkamuuliza askari wa hapo kama tukimaliza tunaweza kuingia kidogo. Akaniambia, "Hapana mwanangu, watoto wa shoo hawaingii." Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia.

Kocha wetu alisikia. Hakusema kitu pale, lakini tukiwa ndani ya matatu ya kurudi, watoto nusu wamelala, akageuka akasema Jumapili hakuna shoo, hakuna mazoezi, Jumapili ni Pirates kutwa nzima na tyubu anakodi yeye. Tulihesabu hizo siku kama Idi.

Jumapili yenyewe ilikuwa tarehe 26.

Tulifika Pirates mapema, na kulikuwa kumejaa vile panavojaa siku ya pili ya Krismasi, watu wametoka mpaka mashambani ndani, kina mama na masufuria ya pilau yamefungwa na kanga, ngamia, watu wa picha, watoto wa chupi tupu wanakimbizana. Ilikuwa bamvua, mwezi ulikuwa mpevu siku hiyo, kwa hivo maji yalikuwa yametoka mbali sana, inabidi utembee mpaka miguu ichoke ndo uyapate. Foleni ya tyubu ilikuwa ndefu. Zamu yangu ikafika mchana. Nakumbuka lile tyubu, jeusi, kubwa, valvu yake imefungwa kitambaa ili isikukwaruze, limepigwa na jua mpaka lachoma mapaja. Nliingia nalo majini, nkalala juu yake, nkafunga macho. Sijui dakika ngapi, sidhani zilifika tano.

Halafu firimbi. Polisi wanatembea ufuoni wanawatoa watu wote, toka, toka majini, toka kabisa, panda juu barabarani. Mwenye tyubu akaja mbio akanivutia tyubu lake nikiwa bado juu. Hakuna aliyeelewa. Mtu anasema kuna papa, mwingine anasema bomu, na sisi wa hapa mambo ya bomu hatukuwa tumeyasahau, lile shambulio la hoteli kule Kikambala lilikuwa miaka miwili tu nyuma. Mama mmoja akabeba sufuria lake likiwa limejaa, kifuniko kikaanguka hakugeuka. Mimi nliangalia bahari nkaiona iko vile vile, mbali, imetulia, na nkalia kwa hasira. Nililia vile mtoto analia akiibiwa. Kwangu mimi watu wakubwa walikuwa wametafuta njia nyingine ya kutunyima maji.

Jioni ndo tukasikia kwa redio. Tetemeko la ardhi Sumatra, kule Indonesia, na wimbi lake la tsunami limevuka bahari yote ya Hindi. Somalia walikufa watu kwa mamia. Kwetu Kenya alikufa mtu mmoja, Watamu, na wanaojua bahari wanasema tulisaidika sana kwa sababu lilifika maji yakiwa chini. Kwa hivo wale polisi nliowachukia siku nzima walikuwa wananiokoa, na hilo nililielewa nikiwa mkubwa, si siku ile.

Lakini nlichotaka kuwaambia si hicho, ni kile kilichotokea katikati. Tulipofukuzwa tukapanda mpaka barabara ya Malindi, tukakaa kwenye kiwanja fulani cha vumbi, watoto saba na kocha, nguo zimelowa, hakuna matatu, magari yote yamejaa. Umati wote wa Pirates umesimama pale kando ya barabara, Krismasi yao imekatizwa, watoto wanalia kila upande. Na hapo mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 14, akainuka tu akapiga samasoti. Hakuna aliyemtuma. Mwingine akafuata. Mimi na machozi yangu bado usoni nkapanda mabega ya watu. Piramidi ya watoto saba, fupi, bila muziki, bila ngoma, juu ya vumbi la moto. Watu wakageuka. Wakafanya duara. Kuna mzee akaanza kupiga kopo la mafuta kwa kijiti, na ile ikawa ngoma yetu. Watoto waliokuwa wanalia wakanyamaza, baadaye wakaanza kujaribu na wao vichwangomba mpaka mama zao wanawavuta. Sijui tulikaa saa ngapi. Watu wakarusha shilingi, kocha akaziokota zote akatupa sisi mkononi, akasema hizi si za kikundi, hizi zenu. Tukanunua barafu za ukwaju mpaka ulimi ukafa ganzi.

Nlipoanza kuandika nlikuwa nimeshaamua. Nlikuwa niwaambie mtoto msanii asifanye shoo hata moja likizo, apumzike, akaogelee kama watoto wengine, basi. Sasa nimefika hapa naona mkono wangu umeandika kitu kingine. Manake ukiniuliza matembezi mazuri kuliko yote ya utoto wangu, si hoteli, na si zile dakika tano za tyubu. Wala si Aprili iliyofuata kocha alipotupeleka Haller Park kutulipa deni, tukamuona Owen, kale katoto ka kiboko kalikokwama baharini Malindi siku zile zile za wimbi, kanamfuata yule kobe Mzee nyuma nyuma, ingawa hiyo nayo ilikuwa siku nzuri mno. Ni pale vumbini. Na pale tulikuwa tunafanya kazi ile ile tuliyoifanya usiku nne.

Msinielewe vibaya. Pale hakuna mtu aliyetusubirisha mpaka saa tano usiku, hakuna aliyetuambia hatuingii, na pesa ilikuwa kiganjani mwetu. Siku hizi kuna Sheria ya Ajira ya 2007, chini ya miaka 13 mtoto haajiriwi, kuanzia 13 hadi 16 ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Enzi zetu haikuwepo. Lakini hata sasa sijaona mtu akisimama geti la nyuma la hoteli kuuliza huyu ana miaka mingapi na amekula nini.

Kwa hivo huyu wetu, ambaye ameitiwa shoo sita Disemba hii, mimi nasema afanye mbili. Ziwe za mapema, arudishwe nyumbani na mtu tunayemjua, pesa apewe yeye mwenyewe mbele ya mamake, na kabla ya kukubali kikundi kiulize kama watoto wataruhusiwa kuogelea, wakikataa basi shoo hakuna. Dada yangu hata hizo mbili hajakubali, anasema mimi nlipitia nini na bado nampeleka mtoto, na sina jibu zuri la kumpa, nlimwambia tu nitakaa naye huko huko mpaka imalizike.

Tarehe 26 nimeshamwambia kocha wake asipange kitu. Tunaenda Pirates, mimi na yeye na wenzake watatu, na tyubu nakodi mimi. Jana akaniuliza, "Mamdogo, nikibeba lile tairi letu utakasirika?" Nimemwambia abebe.