Umemaliza Extracurricular, ufuatishe ipi? Na mtoto wa kidato cha tatu aangalie?

Mkuu, umeuliza mawili: upewe nyingine inayofanana na Extracurricular, ile tamthilia ya Kikorea ya Netflix, na mwanao wa kidato cha tatu anayeiomba umpe au umnyime. Naanza na la mtoto, maana mimi lilishanikosesha mteja.

Kuanzia 2017 mpaka 2021 nilikuwa na kibanda cha kuingiza muvi Morogoro. Ya hakimiliki tuyaache, kibanda chenyewe nilishafunga. Kwenye kompyuta nilipanga kwa mafolda: za kivita, za kifalme, za kichawi, na moja nililoliita "za wanafunzi". Hilo lilikuwa la mapenzi matupu, mtoto wa tajiri na binti wa muuza kuku, mpaka washikane mikono mmeshafika episodi ya nane. Extracurricular ilipotoka mwishoni mwa Aprili 2020 nikaona picha ya watoto wamevaa sare. Nikaitupia humo humo bila kuionja.

Siku ya tatu akaja mama mmoja mteja wangu, ana flashi mkononi, hata salamu hakuna.

"Mdogo wangu, una watoto wewe?"

Nikasema bado, dada.

"Basi ndiyo maana."

Alikuwa ameketi na binti yake wanaangalia huku anapiga pasi. Episodi ya kwanza haijafika mbali, wanakuta msichana wa sekondari yuko chumbani na mwanaume mtu mzima aliyemlipa, mwanaume anageuka mkorofi, msichana anatafuta simu yake. Nikamrudishia elfu moja yake, akaiacha juu ya meza. Hakurudi tena.

Usiku ule nikaiangalia, nikamaliza episodi zote 10 kwa siku mbili. Nikamwelewa yule dada, ila nikaona pia kwamba kazi yenyewe ni nzito kuliko picha yake.

Kwa ambao hawajaiona: Oh Ji-soo ni mwanafunzi wa mfano, mpole, darasani hana kelele. Anaishi peke yake, wazazi kila mmoja kashika njia yake. Anafuga kaa mdogo anayeishi kwenye gamba la konokono, basi. Usiku anaendesha biashara kwa simu ya pili: wasichana wanaouza miili wakipata mteja mkorofi wanaita, na mzee mmoja fundi wa kupigana anafika kumshughulikia. Ji-soo anakata chake. Wasichana hawajui sura yake, hata mzee hamjui. Mmoja wa wasichana hao, Min-hee, anasoma naye darasa moja.

Anachotaka ni ada ya chuo na maisha ya kawaida, kama ya wenzake. Hapo ndipo Mtanzania anaweza kusema "kwa ada tu?" Kule Korea Kusini mtihani wa kuingia chuo, Suneung, ni wa Novemba, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege hazipai wala kutua nchi nzima kwa dakika kama 35. Vituo vya tuisheni Seoul ilibidi viwekewe sheria ya kufunga saa nne usiku. Mtoto aliyekulia humo akiambiwa hana hela ya chuo, kwake ni kama kaambiwa hana maisha. Halafu zile noti alizokusanya na kuzificha chumbani, baba yake mzazi anazipitia na kuondoka nazo. Nilisimamisha hapo, nikatoka nje kununua maji.

Ila hii sizoni haina stelingi, na ndiyo maana naiweka juu ya zote. Ukishaanza kumwonea huruma Ji-soo, kamera inamrudia Min-hee, yeye ndiye mwili wake ulikuwa unalipia hiyo ada. Bae Gyu-ri, binti wa matajiri anayeigundua simu ile na kuingia kwenye biashara, naye hana shida ya hela hata chembe. Kachoka tu kuwa mtoto wa wazazi wake. Kila kijana anajiona ana sababu, na hakuna sababu inayomsaidia Min-hee.

Kuna jambo lingine lililoifanya iwaume Wakorea wenyewe. Machi ile ile ya 2020 polisi walikuwa wamemkamata kiongozi wa magrupu ya Telegram yaliyowatumikisha wasichana kwa vitisho na kuuza video zao, baadhi yao wadogo kabisa. Novemba mahakama ikampa miaka 40. Kwa hiyo tamthilia iliwakuta watu bado wana hasira za habari.

Ombi moja: usiangalie ile iliyotafsiriwa kwa sauti. Mtafsiri mmoja nilimsikia anatia utani kwenye tukio la Min-hee, eti "dada kapata mshahara". Soma maneno ya chini hata kama macho yanauma.

Sasa ya kufuatisha. Juvenile Justice ya 2022, episodi 10, hakimu wa mahakama ya watoto anayesema wazi kwamba anawachukia watoto wahalifu. Inaanza na mvulana wa miaka 13 anayeingia polisi na shoka, kajaa damu, anakiri kuua mtoto. Mahakamani anauliza kwa kicheko kama ni kweli aliye chini ya miaka 14 hafungwi. Ndivyo sheria yao ilivyo: chini ya hapo ni hatua za malezi, na kubwa kuliko zote haizidi miaka miwili kwenye shule ya maadilisho. Kesi hiyo inafanana na mauaji yaliyotokea mji wa Incheon 2017, ila muuaji wa kweli alikuwa na miaka 17 na akapewa 20 jela. Yule "mvulana", usishangae, ni mwanamke mtu mzima, Lee Yeon.

Lee Yeon huyo huyo utamkuta kwenye Weak Hero Class 1, ya 2022 pia, episodi 8. Humo kijana wa vitabu anapigana kwa kalamu na pazia la darasa. Wengi huisifia ngumi. Mimi nasema mwangalie Beom-seok, mtoto wa kuasili wa mwanasiasa, anayepigwa nyumbani. Wivu wake kwa rafiki yake unavyokua kidogo kidogo mpaka anakodi wahuni, hiyo ndiyo hadithi. The Glory, nyingine ya Kikorea, ni nzuri, ila ni kisasi cha mtu mzima, haikai kwenye fungu hili.

Kuhusu mwanao: Extracurricular kule kwao imewekwa ya watu wazima, yaani wenye umri wa Ji-soo hawaruhusiwi kuiona. Mimi nisingempa kwenye flashi akaangalie chumbani. Mpwa wangu ana miaka 17, nilimwonyesha nimekaa pembeni yake, rimoti ninayo mimi. Katikati ya episodi ya tatu akaniuliza, "Mjomba, kwani hapo jirani hakuna mtu wa kumwuliza huyu dogo kama amekula?" Tukasimamisha, tukaongea mpaka umeme ukakatika. Bado hatujaimalizia.