Gari Lipo Njombe, Injini Bado Ipo Tanga

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yangu wa Tanga ameniachia Peugeot 504 yake, saluni ya kabureta, injini ya cc 2000. Kule yeye alikuwa akipata kilomita tisa kwa lita. Mimi nimelileta Njombe ninakofundisha, na napata tano, wiki nyingine nne na nusu. Tangu tulipopanda mlima Kitonga linatoa moshi mweusi nikikanyaga mafuta. Fundi wa hapa amebadilisha plagi mara mbili, na sasa anasema kabureta imekufa, ninunue ya Toyota anifungie. Nikubali?
Mwalimu, Njombe

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Usinunue kitu kwanza. Kwa maelezo yako sioni kabureta iliyokufa. Naona gari lililohama na mwili tu, roho ikabaki pwani.

Tanga ipo usawa wa bahari. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu sehemu moja ya tano. Kabureta ya zamani, inayochanganya petroli na hewa, haina habari hiyo. Jeti yake ni kitundu tu, kinamwaga petroli kama kilivyozoea, wakati hewa ya kuichoma imepungua. Petroli inayokosa hewa ndiyo moshi mweusi uliouona Kitonga. Fungua plagi moja baada ya safari, usiioshe, itazame. Ikiwa na masizi makavu kama chungu cha kuni, petroli imezidi. Ikiwa imelowa oili, hayo ni maradhi mengine. Plagi yenye afya ina rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri. Ndiyo maana plagi mpya, mara zote mbili, hazikusaidia kitu: zilichafuka kwa kosa lisilo lao.

Dawa ni kushusha jeti kuu. Namba iliyogongwa juu yake ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Ukikuta 140, jaribu 135, halafu 132.5. Usirukie 120, utaunguza vali. Na kabla ya kuiamini namba hiyo, hakikisha tundu halijachezewa. Hapa nina dhambi yangu. Nilipokuwa kijana gereji, nilisafisha jeti za Peugeot 404 ya mteja kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli, nikaona nimefanya kazi ya maana. Mteja alirudi mara tatu analia mafuta. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakusema neno, alichukua jeti yangu na nyingine mpya, akazishika pamoja dirishani. Mpya ilikuwa na tundu la mviringo safi. Yangu ilikuwa na umbo la yai. Shaba ni laini, waya ni chuma. Jeti husafishwa kwa petroli na upepo wa kompresa, basi. Mwulize fundi wako anatumia nini, na umwangalie usoni anapojibu.

Lakini jeti peke yake haielezi kilomita nne ulizopoteza kwa kila lita. Nadhani kuna jambo la pili, nalo linatokana na mapenzi ya babu. Joto la pwani huwatia watu hofu ya gari kuchemsha, na hofu hiyo ina matibabu yake maarufu: kung'oa thamostati, mlango mdogo unaozuia maji hadi injini ipate joto, na kuitupa. Tanga utaishi nayo. Njombe, asubuhi ya Juni, maji yanazunguka kwenye rejeta bila kizuizi na injini haipati joto lake hata ukifika Makambako. Injini baridi haichomi petroli sawasawa, na dereva anayeona gari linasitasita anavuta choki, kibao cha kupunguza hewa ili petroli izidi. Choki ikivutwa, nusu ya mshahara wako imekwenda. Tazama mshale wa joto: usipopanda baada ya kilomita kumi, fungua nyumba ya thamostati. Mimi ningeweka dau kwamba utaikuta tupu.

Na ukiwa hapo, tazama feni. 504 nyingi zina feni yenye sumaku ya umeme kitovuni. Injini ikiwa ya baridi, feni haishikani na puli; ikipata moto, sumaku inaivuta. Wafaransa walifanya hivyo makusudi, feni isile nguvu bure. Sasa kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku ikiisha au waya ukikatika, mafundi wetu hukaza skrubu za kitovuni hadi feni igandane na puli moja kwa moja. Gari halichemshi, mteja anafurahi, na feni inazunguka mchana kutwa kwa petroli yake. Washa gari likiwa la baridi, ukae pembeni. Ikivuma kwa nguvu kama ya mashine ya kusaga, imegandishwa. Usiijaribu kwa kidole, tafadhali.

Kebo ya choki nayo ipime kwa macho. Toa chujio la hewa, mtu arudishe choki ndani kabisa, wewe chungulia: kibao cha juu kisimame wima. Kebo za umri huo hukwama njiani, kitasa kinaonekana kimerudi na kibao kimelala nusu. Chujio lenyewe likiwa na vumbi jekundu la huko, badilisha.

Pointi za distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, ziwe na mwanya wa milimita 0.40, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche, isetiwe upya. Kile kikombe cha bati pembeni ya distribyuta kina utando ndani, unaowahisha cheche ukinyonywa na injini. Chomoa mpira wake upande wa kabureta, nyonya kwa mdomo, ziba kwa ulimi. Ulimi ukishikwa, ni kizima. Ukiachiliwa mara moja, utando umetoboka, na kwenye mwendo wa barabara kuu unapoteza mafuta bila kuona dalili nyingine. Breki zinazoshika bila kukanyagwa utazijua kwa kugusa rimu baada ya safari. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, anza na hiyo.

Jambo moja lifanye leo kabla ya yote: toa kijiti cha oili, unuse. Kikinuka petroli, na oili imepanda juu ya alama, pampu ya mafuta imepasuka utando na inamwaga petroli ndani ya injini. Usiliwashe tena mpaka ubadilishe pampu na oili.

Baadaye pima upya, na upime kwa haki. Jaza tangi hadi pampu ya sheli ijikate yenyewe, nenda Makambako urudi, mara mbili, kisha ujaze kwenye pampu ile ile. Hesabu kilomita kwa nguzo za barabarani, si kwa dashibodi tu. Ikiwa babu alifungiwa matairi makubwa kuliko 175 ya asili, mita inahesabu pungufu na unalionea gari. Milima ya huko haitakurudishia tisa, lakini nane utaziona. Kabureta ya Toyota mwachie mwenye Toyota. Hilo ni gari la ukoo ulioshinda Safari Rally 1975 na 1978, halikosi akili ya kupanda Njombe.

SWALI: Fundi, Volkswagen yangu 1300 ya 1972 imeanza kula mafuta, na nikisimama kwenye foleni nasikia harufu ya petroli. Niongeze dawa ya kusafisha kabureta kwenye tangi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Hapana. Zima gari. Fungua boneti ya nyuma na utazame mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta. Mpira wa kitambaa ukikauka hupasuka chini ya kitambaa, usione ufa. Halafu shika kile kibomba cha shaba ambapo mpira huo unaingia. Kimepachikwa tu kwenye kabureta, hakina nyuzi za skrubu, na kikilegea hutoka chenyewe na kumwaga petroli juu ya distribyuta. Volkswagen nyingi zimeungua hivyo. Kikicheza kidoleni, gari lisitembee hata hadi gereji, fundi aje kwako. Weka mpira mpya na klipu, hata ule ulio chini ya tangi mbele, kisha uniandikie kuhusu kilomita.