Jibu: Kutandaza nyasi bandia za gofu juu ya udongo

Ndugu, umeuliza kama udongo ulioshindiliwa unatosha kuwa msingi. Hautoshi. Mvua mbili tatu tu unatitia, na kibonde cha milimita 3, ambacho jicho halikioni, kinaupindisha mpira unaokwenda polepole karibu na shimo.

Kwa ua wako wa mita 3 kwa 5, chimba sentimita 10, tandika kitambaa cha kutenganisha udongo, kisha jaza kokoto zilizosagwa pamoja na vumbi lake. Hesabu ni mita za ujazo 1.5, lakini agiza 1.9, maana zikishindiliwa hupungua. Mwaga kwa tabaka mbili, kila moja uilowanishe kidogo kabla ya kupitisha mashine ya kushindilia. Kokoto za mviringo za mtoni hazifai kabisa, hazishikani! Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, maji yaende mbali na ukuta wa nyumba.

Kikombe cha ndani ya shimo (kipenyo milimita 108) kizungushie zege, mdomo ukae chini kidogo ya nyasi. Mdomo huo ukichomoza, mpira unaruka. Nyasi zikishatandazwa, mchanga mkavu mwage juu yake kidogo kidogo, ukipiga ufagio mgumu kinyume na mlalo wa nyasi.