Nyalali si Tume peke yake

Tangu ukurasa huu utaje kwamba Francis Nyalali alikalia kiti cha Jaji Mkuu wa Tanzania muda mrefu kuliko mwingine yeyote, maswali hayajakatika. Yanayofanana nimeyaunganisha. Yanayouliza "alikuwa kabila gani" nimeyaweka kando, na yatakaa huko huko.

Je, Nyalali ndiye Jaji Mkuu wa kwanza mzalendo? (Msomaji, Shinyanga)

Hapana. Mtanzania wa kwanza ni Augustine Saidi, 1971 hadi 1977. Kabla ya Saidi alikuwapo Telford Georges kutoka visiwa vya Karibi, aliyempokea Mwingereza Ralph Windham mwaka 1965. Nyalali alimpokea Saidi. Upande wa Kenya mzalendo wa kwanza ni Kitili Mwendwa, 1968. Uganda ni Benedicto Kiwanuka, 1971, ambaye Septemba 1972 alikamatwa na askari wa Amin akiwa mahakamani na hakuonekana tena. Kazi hii haikuwa ya kukalia kiti na kunywa chai.

Alidumuje miaka 23? Kuna mtu alimlinda? (Msomaji, Temeke)

Alilindwa na hesabu. Alizaliwa Februari 1935, akateuliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1977 akiwa na miaka 42. Ibara ya 120 ya Katiba inamtaka Jaji wa Rufani astaafu akifikisha miaka 65, isipokuwa Rais aone maslahi ya umma yanataka aendelee. Ongeza 65 kwenye 1935 unapata 2000, na ndio mwaka alioondoka akampisha Barnabas Samatta. Alifariki 2003.

Karibu asilimia 80 ya waliohojiwa na Tume ya Nyalali walitaka chama kimoja kiendelee. Mbona Tume ikapendekeza vyama vingi? Huo si usaliti wa wengi? (Wasomaji saba, mikoa mbalimbali)

Swali hili huja kila mwaka, na kila mwaka muulizaji anadhani ndiye wa kwanza kuigundua namba hiyo. Haikufichwa. Tume yenyewe ndiyo iliyoichapisha.

Rais Ali Hassan Mwinyi aliiunda Tume mwaka 1991, Nyalali akiiongoza, ikusanye maoni kuhusu chama kimoja au vyama vingi kisha ishauri. Kukusanya maoni na kushauri si kura ya maoni. Katika kura ya maoni unahesabu, unatangaza, unakwenda nyumbani. Tume inatakiwa isikilize hoja, izipime, iseme njia ipi inafaa. Waliotaka vyama vingi walikuwa takriban mmoja kati ya watano, na Tume ikaona kundi kubwa kiasi hicho haliwezi kunyamazishwa kwa sheria kwa sababu tu ni dogo kuliko lingine. Pia wengi kati ya waliotaka chama kimoja hawakukitaka kama kilivyokuwa. Walitaka kifanyiwe marekebisho makubwa. Ukiwahesabu hao kama watu walioridhika, umesoma jedwali ukaruka maelezo.

Katiba ikarekebishwa, na 1 Julai 1992 Sheria ya Vyama vya Siasa ikaanza kazi. Ndipo ilipoingia pia Ibara ya 113A, inayomkataza jaji, msajili au hakimu kujiunga na chama chochote, ila kura yake anapiga. Wanaotaka majaji "watoe msimamo" majukwaani waanzie hapo.

Linalonikera ni kwamba muulizaji wa asilimia 80 haulizi habari za yale mengine. Tume ilitaja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa, ikiwamo ile ya 1962 ya kuwaweka watu kizuizini na ile ya magazeti ya 1976. Ilipendekeza iandikwe Katiba mpya. Ilipendekeza shirikisho la serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Serikali ikachukua vyama vingi na kuyaacha mengi ya hayo mezani. Sheria ya Magazeti iliendelea kufungia magazeti hadi ilipofutwa mwaka 2016, miaka 24 baadaye. Ukitafuta usaliti, tafuta huko.

Nyalali na Warioba ni tume moja? (Msomaji, Iringa)

Mbili. Nyalali 1991, Warioba 2012, ile ya Mabadiliko ya Katiba. Zote zilifika kwenye serikali tatu, kwa njia tofauti.

Nyalali ndiye aliyefuta adhabu ya kifo, siyo? (Msomaji, Dodoma)

Siyo. Haijafutwa na mtu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliitamka kuwa kinyume cha Katiba katika kesi ya Mbushuu, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo. Mwalusanya huyo huyo ndiye aliyeamua mwaka 1990, kule Mwanza, kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume. Nyalali ana hukumu zake za kutosha, hahitaji kupewa za wenzake.

Basi tutajie hukumu zake mwenyewe, badala ya kulaumu. (Msomaji, Kahama)

Haki. Lakini kwanza jua alifanya kazi na vifaa gani. Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba kwa Sheria Namba 15 ya 1984, na utekelezaji wake mahakamani ukasimamishwa hadi Machi 1988. Maana yake miaka 11 ya mwanzo ya Nyalali hakuna mwananchi aliyeweza kuja mbele yake akasema "sheria hii inavunja haki yangu ya kikatiba." Anayeuliza kwa nini hakufuta sheria mbaya enzi za chama kimoja anamdai seremala meza kabla hajaletewa mbao.

Mbao zilipofika, chukua kesi ya Daudi Pete. Rufani ya Jinai Namba 28 ya 1990, iliyoamuliwa 1991. Kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilimzuia hakimu kutoa dhamana kwa aina fulani ya makosa, hata mshtakiwa awe nani. Nyalali aliandika kwamba Katiba yetu inamtazama mtu kwa pande mbili, kama nafsi yenye haki zake na kama mwanajamii mwenye wajibu, na kwamba haki inaweza kuwekewa mipaka. Kisha akauliza: mipaka hiyo ina ukubwa gani? Kifungu kilikuwa kama wavu wa macho madogo, unanasa hata wasiokusudiwa, tena bila utaratibu wowote wa mtu kusikilizwa. Kikaanguka. Wanafunzi wa sheria hukariri nusu ya kwanza, ile ya wajibu, kisha wanaitumia kutetea kila sheria ya kubana watu. Nusu ya pili ndiyo iliyoamua kesi.

Msije mkaenda na Pete mkononi kudai kwamba kila kosa sasa lina dhamana. Mwaka 2020, katika kesi ya Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani iliketi na kukataa kukitangaza kifungu cha 148(5) kuwa kinyume cha Katiba. Mawakili wachanga wanaumbuka kwa kunukuu Pete bila kusoma Sanga.

Ya pili ni Lohay Akonaay, Rufani ya Madai Namba 31 ya 1994. Baba na mwanawe walifungua kesi Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha, Januari 1987, kudai ardhi yao ya kimila, wakashinda na kurudishiwa. Rufani ikiwa bado inasubiri, Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, ikakataza fidia, ikaziondolea mahakama mamlaka na kuua kesi zilizokuwa njiani. Yaani unashinda mechi, halafu mwenye uwanja anabadilisha kanuni na kufuta matokeo.

Mahakama Kuu iliwaunga mkono wananchi, Serikali ikakata rufani. Nyalali akaandika kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kwamba Rais anashika ardhi kwa dhamana ya wananchi, hivyo hawezi kugeuka akawa mnufaika wake. Sehemu iliyowagusa wakulima wengi zaidi ni ile ya fidia: hata kama hukujenga wala kupanda kitu cha kudumu, jasho ulilotia katika ardhi hiyo linatosha kukupa haki ya fidia ya kweli. Vifungu vilivyovunja Katiba vikakatwa, vingine vikaachwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekwenda mbele zaidi: haki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya kupewa na Serikali.

Eneo letu linachukuliwa kupisha mradi. Mtathmini amehesabu nyumba na miembe tu. Hukumu hiyo ya Lohay inatusaidia? (Msomaji, Kibaha)

Inawasaidia kujua kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Kwenye meza ya mtathmini, tumieni Kanuni za Fidia za 2001, ni rahisi kubishania. Karatasi yenu inatakiwa ionyeshe, kila kimoja kwa mstari wake: thamani ya ardhi, thamani ya maendelezo (hiyo nyumba na miembe), posho ya usumbufu, posho ya malazi ambayo ni kodi ya pango ya mwezi mara 36, hasara ya faida kwa mwenye biashara, nayo kwa miezi 36, na usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Malipo yakipita miezi 6 yanadai riba.

Makosa yanayowaponza watu ni mawili. La kwanza ni kusaini fomu ya uthamini ikiwa na nafasi wazi kwa kuambiwa "tutajaza ofisini". La pili ni kupiga picha za mazao baada ya greda kupita. Piga kabla, mtu akiwa amesimama kwenye mpaka, na omba nakala ya fomu siku hiyo hiyo.

Hukumu ya Pete imeandikwa [1993] TLR 22, wewe unasema 1991. Nani mwongo? (Msomaji, Morogoro)

Hakuna. Mwaka ulio ndani ya mabano ya mraba ni wa kitabu cha taarifa za sheria, na 22 ni ukurasa. Kesi ya Pete iliamuliwa 1991, ikachapwa katika kitabu cha 1993. Lohay ni vivyo hivyo: iliamuliwa 1994, iko [1995] TLR 80. Anayeandika "hukumu ya mwaka 1993" ametuambia kwamba aliona nukuu tu. Tovuti ya TanzLII inatoa hukumu bure, tafuta kwa namba ya rufani.

Rufani au Rufaa? (Msomaji, Tanga)

Tanzania jina la mahakama ni Mahakama ya Rufani. Basi.

Nani alikuwa mwanamke wa kwanza jaji? (Msomaji, Moshi)

Julie Manning, Mahakama Kuu, miaka ya mwanzo ya 1970. Baadaye akawa Waziri wa Sheria. Anastahili makala yake na ataipata.

Nimeshindwa Mahakama ya Rufani. Nataka kumwandikia Jaji Mkuu aingilie kati. Barua iwe ya namna gani? (Msomaji, Mwanza)

Usiandike. Jaji Mkuu si ofisi ya malalamiko ya hukumu, na kiti anachokalia ni kimoja kati ya vitatu au vitano vinavyosikiliza rufani. Zamani juu ya Mahakama Kuu kulikuwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 tukabaki bila ngazi ya juu, hadi ya kwetu ilipoanzishwa 1979, Nyalali akiwa kiongozi wake wa kwanza. Juu yake hapa nchini hakuna kitu.

Kilichobaki ni kuiomba mahakama hiyo hiyo ipitie upya hukumu yake, chini ya Kanuni yake ya 66, ndani ya siku 60 tangu hukumu. Sababu zinazokubalika ni tano: kosa la wazi linaloonekana kwenye hukumu yenyewe na kuleta dhuluma, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa hila au ushahidi wa uongo. "Majaji hawakuupima vizuri ushahidi wangu" haimo. Maombi mengi hutupwa hapo, kwa sababu mwombaji amechukua hoja zake za rufani, akabadilisha kichwa cha habari na kuzirudisha. Kama kosa lako linahitaji kurasa 10 kulieleza, si la wazi. Hesabu siku zako leo, kabla ya kumtafuta wakili.